Sifa Nilizonunua kwa Biskuti

Mimi, hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya kila mtu, na wanaonijua hawabishi. Nimelala chini ya lori mpakani Kasumbalesa siku sita, katika foleni ambayo mwisho wake huuoni. Nimeona mtu akiuza lori moja kwa wanunuzi wawili asubuhi moja, kisha akanywa soda na wote wawili. Nimeona dola ikipanda na kushuka mikononi mwa wabadilishaji wa pesa kabla sijamaliza yai la kuchemsha. Nilitoka Kivu ya Kaskazini na miaka kumi na saba, nikazunguka kwa njia ambazo hata leo ukinilipa sizirudii, nikaingia Lubumbashi na kandambili za kuuza ndani ya mfuko mmoja. Leo nina malori manne, depo mbili, na nyumba ya mtaa wa Golf yenye geti ambalo fundi alilichorea simba wawili.

Masomo niliachia mwaka wa nne wa shule ya msingi. Kusoma nasoma, lakini kidole lazima kifuate mstari. Barua ndefu namwachia mke wangu. Biashara yangu yote naifanya kwa odio, yaani ule ujumbe wa sauti wa kwenye simu: nabonyeza, nasema, naachilia, na lori linatoka Ndola. Tani thelathini zimevuka mpaka kwa maneno ya mdomo wangu peke yake, bila karatasi hata moja iliyoandikwa na mkono wangu. Waliosoma mpaka Kasapa, chuo kikuu, wanakuja kwangu kuomba kazi.

Basi aliyekuja kunishangaza mimi ni mwalimu wa darasa la tano, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye mshahara wake wa mwezi haununui tairi moja ya lori langu.

Nianze na binti yangu wa mwisho. Alipewa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi namwita mama, na yeye alikuwa ananijibu kama mama kweli, kwa amri. Nilimwingiza katika shule moja ya kule Golf, yenye bwawa la kuogelea na walinzi wawili mlangoni. Nililipa mwaka mzima kwa noti, mbele ya wazazi wengine, ili waone. Alipokuwa na miaka tisa, akasimama darasani kusoma Kifaransa, akakwama kwenye neno, akalirudia mara tatu. Mwenzake mmoja alikuwa na simu chini ya meza, akamchukua video. Ile filamu ikapita kwa kaka na dada za watoto, mwingine akaitia vicheko, na baada ya wiki moja hata dereva wa jirani yangu alikuwa ameiona.

Binti akafunga mdomo. Kwanza shuleni tu, halafu na nyumbani. Aliyekuwa ananiagiza maji kama askari akawa anaonyesha kwa kidole. Nilikwenda kwa mkurugenzi wa shule, nikapiga meza, nikatishia kununua shule nzima na kuwafukuza wote. Mkurugenzi akaniletea kahawa. Mtoto hakusema.

Mke wangu ni mzaliwa wa hapa hapa, wa ukoo wa watu wa mgodi. Baba yake na babu yake waliufanyia kazi. Yeye hapigi meza. Alisema, "Tunamutosha kule," na kweli akamtoa. Akampeleka mtaa wa Katuba, kwenye shule ya kawaida ya ukuta wa matofali na paa la bati, karibu na nyumba ya dada yake mkubwa. Mimi niliona aibu, nisifiche. Motokari yangu kubwa ilikuwa inasimama katikati ya akina mama wauza mikate.

Wiki ya tatu mke wangu akaniambia kwamba mwalimu mpya ana tableti, anachukua sauti za watoto na kuzituma kwa wazazi. Sikumaliza kusikiliza. Mtoto aliyeumizwa na simu, tunampeleka kwa mtu mwenye mashine ile ile? Nikachukua ufunguo.

Niliingia bila kubisha. Watoto hamsini na wawili, nilihesabu, kwa sababu mimi nikiingia mahali nahesabu. Mbele palikuwa na televisheni ya zamani iliyoungwa na tableti, na waya ukipanda mpaka kwenye paneli ya jua juu ya bati. Kwenye televisheni mipira midogo ya rangi ilikuwa imelala chini, imetulia. Watoto walikuwa wanafanya hesabu wawili wawili, wanaongea kwa sauti ya chini.

"Madame," nikasema, "mi niko papa ya mutoto mupya. Nakuya juu ya ile mashini yako."

"Nakujua, Papa. Keti kule nyuma. Tunamaliza hesabu, kisha tutasema."

Miaka kumi hakuna mtu aliyeniambia nikae nyuma. Nikakaa. Benchi lilikuwa la watoto, magoti yakanifika kifuani. Simu ikalia, shofere wangu yuko mpakani, nikamjibu kwa sauti yangu ya kawaida. Ile mipira kwenye televisheni ikaruka yote, ikagonga juu, ikawa inapigana kama mahindi kwenye sufuria. Vichwa hamsini na viwili vikageuka. Hakuna aliyecheka. Waliweka tu kidole mdomoni. Msichana mmoja mdogo mwenye miwani, ambaye baadaye nilijua ndiye mlinzi wa tableti wa darasa, akaniambia kwa upole, "Papa, unaamusha mipira."

Nikazima simu. Mimi.

Wakati wetu darasa lilinyamaza kwa fimbo. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo mbili, moja ya wavulana na moja ya wasichana, na tulinyamaza kama watu waliojificha. Huu ulikuwa ukimya mwingine. Watoto ndio walikuwa wanauchunga, kwa kuangalia mipira ikianza kutikisika, na mmoja akizidisha mwenzake anamgusa mkono. Mwalimu hakusema "nyamazeni" hata mara moja. Nilikaa saa nzima nikingoja aseme.

Walipotoka kucheza, alinionyesha kona. Kulikuwa na pazia la kitenge, kiti kimoja, na karatasi ya sheria ukutani. Alinisomea yeye mwenyewe, kabla sijaanza kutafuta miwani ambayo sina, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Mtoto yeyote akimwona mwenzake amefanya jambo zuri, anaingia nyuma ya pazia, anabonyeza tableti, anasema. Aseme alichokiona kwa macho yake mwenyewe, na siku gani. Asijiseme yeye. Na jambo lenyewe liwe dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulifanya tena kesho. Kila Ijumaa sauti zote zilizomhusu mtoto mmoja zinachezwa kwa bafule, ile spika kubwa, darasa zima likisikiliza, kisha zinakwenda kwenye kikundi cha wazazi kwenye simu.

"Na wa kwangu?" nikauliza. "Bamemuchukuaka mu simu, bakamucheka."

"Najua, Papa. Mama yake aliniambia. Njo maana huku hakuna mwenye kuchukua sura ya mwenzake. Sauti tu. Na mi nasikiliza zote kwanza siku ya Alhamisi, mbele batoto hawajazisikia."

"Na kama hataki kusema?"

"Hatumusukume. Asikie benzake kwanza."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimechunguza kila kitu na nimetoa ruhusa. Alisema asante.

Mwezi wa kwanza binti alisikiliza tu. Mwezi wa pili aliingia nyuma ya pazia, akasema kuhusu mwenzake aliyemkopesha rula. Maneno saba. Mke wangu aliyahesabu, akalia jikoni. Baada ya hapo yalikuja kama maji ya bomba yakirudi, kwanza hewa, kisha matone, kisha yote. Siku moja alinikatiza nikiwa kwenye simu na mtu wa forodha, akaniambia nile kwanza. Nilimwacha yule mtu wa forodha hewani.

Sauti za Ijumaa nilikuwa nazicheza deponi, mbele ya mashofere. Mtoto anasema, "Jumatatu nilionaka mwenzangu anafuta chaki ku tableau, hakuna mwenye alimutuma." Mwingine anasema, "Aliangushaka krayon yangu, akaiokota, akaichonga." Basi. Mambo madogo kama punje. Lakini ukiyasikia ishirini mfululizo juu ya mtoto mmoja, mtu mzima unatafuta pa kuangalia. Shofere wangu mkubwa, ambaye amegombana na kila mtu kutoka hapa mpaka mpakani, alisema, "Patron, kama nasi tungesemwa hivi, tungeendesha pole pole." Nikamwambia aendeshe pole pole hivyo hivyo, bila odio.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na nalieleza jinsi lilivyo, maana mwenye kutoka kwetu atanielewa.

Sisi tuna desturi ya kurusha mabanga. Unamlipa mwanamuziki, naye katikati ya wimbo analitaja jina lako, kati ya gitaa na ngoma, na ukumbi mzima unageuka kukuangalia. Mimi nimerushwa mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwenye harusi, jina langu likaimbwa na idadi ya malori. Hakuna aliyeona vibaya. Mtu amefanya kazi, anatajwa, mwanamuziki anakula. Katika kichwa changu sifa ni kitu kama saruji: ipo, ina bei, ukichelewa wengine wanaimaliza.

Na mimi niliona tumechelewa. Kila Ijumaa mtoto mwingine. Kumi, kumi na tano, kumi na tisa. Binti yangu hakuuliza kitu, lakini kila Ijumaa asubuhi ndani ya motokari alikaa na mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Nikawaza: mtoto wa mwenye duka la krayon ameshasemwa, mtoto wa mpiga pasi ameshasemwa, wa kwangu bado. Niko baba gani?

Jumatano moja ya Februari, wakati wa mapumziko, nikafika na katoni tatu za biskuti kutoka depo yangu, na jusi. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Nikagawa mwenyewe, mkono kwa mkono, pakiti kwa kila mtoto, na wale wa darasa la nne waliojipenyeza nao nikawapa.

"Batoto," nikasema, "mi njo papa ya huyu. Kuleni. Ila Ijumaa musimusahau mutoto wangu."

"Merci, Papa," wakajibu wote pamoja.

Binti alikuwa amesimama kwenye bomba. Aliangalia chini. Nikadhani ni haya.

Alhamisi ilinyesha tangu asubuhi, umeme ulikatika, paneli haikushika jua, tableti ikazimika. Mwalimu hakuweza kuzisikiliza kwanza. Ijumaa jua likatoka, akafungua akakuta sauti thelathini na nne zote za mtoto mmoja. Alifurahi, aliniambia baadaye. Alifikiri watoto wenyewe wameona ni zamu yake. Akawasha bafule.

Sauti ya kwanza: "Jumatano nilionaka papa yake alituleteaka biskuti."

Ya pili: "Papa yake alisema tuseme mutoto wake iko muzuri."

Ya tatu: "Biskuti ilikuwa ya vanila. Na jusi."

Akazima kwenye ya nne, lakini nyuma mtu alikuwa ameshacheka, na kicheko kikapita benchi kwa benchi, na ile mipira ikapanda juu yote. Na wale watoto hawakuwa na ubaya. Sheria ilisema useme ulichokiona kwa macho yako. Walisema walichokiona.

Haya yote mwalimu alimweleza mke wangu kwa simu mchana ule ule, kabla mtoto hajafika. Binti akaingia, akavua viatu, akapita. Tukamwita, hakuitika. Ijumaa hakusema, Jumamosi hakusema. Jumapili baada ya kanisa aliweka karatasi mezani karibu na sahani yangu. Iliandikwa neno moja: Sirudi. Hilo nililisoma bila kidole.

"Ulimurushia libanga mutoto wa myaka kumi," mke wangu akaniambia.

"Nilitaka afurahi."

"Ulitaka uwasikie bakisema mutoto ni wa nani."

Nikaendelea kutafuna.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu kabla kengele haijalia. Nilikuwa nimejipanga, maana mimi siendi mahali mikono mitupu.

"Madame, nitaleta tableti kumi. Mupya, mu karatasi yake."

"Kumi nitazichaji na nini, Papa?"

Nikaangalia juu ya bati. Paneli yake ilikuwa moja.

"Kosa ya kwanza ni yangu," akasema. "Sikuzisikiliza kwanza. Nimebaambia batoto vile, Ijumaa ile ile, nikiwa nimesimama pale."

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Nimefanya kazi chini ya wakubwa, na mimi ni mkubwa. Mkubwa aliyewaambia wadogo wake "nimekosa" bila kuongeza "lakini", nilikuwa sijamwona. Mwenyewe sijawahi kujaribu. Na aliwaambia watoto hamsini na wawili, na Jumatatu ile wakarudi kumsikiliza kama kawaida.

"Ya pili ni ya nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mu klasi yetu, mwenye kuharibu sauti, njo mwenye kutengeneza ingine. Si kwa kuomba samahani. Anasema kintu alionaka, kama sheria inavyosema. Zile thelathini na ine tumezifuta. Kuko nafasi ya Ijumaa hii, kama mutoto atarudi."

Wakati wa mapumziko nikaingia nyuma ya pazia. Kiti kilikuwa kidogo. Yule msichana wa miwani akanishikia tableti, makini kama mtu wa forodha ambaye hali rushwa. Nikabonyeza, nikaanza: "Huyu mutoto ni mutoto ya mutu mwenye alitoka mbali, bila kintu—"

Akabonyeza. Ikafutika.

"Papa, umejisema weye."

Nikarudia. "Huyu mutoto iko na akili sana, anafanana na—"

Ikafutika.

"Na nani, Papa?" akauliza, na nadhani aliuliza kweli, hakunitania.

Mara ya tatu nikasema binti yangu ni mzuri, ana heshima, anasaidia watu wote. Hiyo hakuifuta mara moja. Alikunja uso, akaniuliza: "Ulionaka siku gani?"

Nikafikiri. Nikaipitia wiki nzima kichwani, na wiki ya nyuma yake. Niliona Kasumbalesa. Niliona matairi. Niliona mgongo wa binti yangu akishuka motokari. Siku, sikuwa nayo. Mtu ambaye anajua bila kuandika kila lori lake liko kilomita ya ngapi, sikuwa na siku moja ya kusema juu ya mtoto anayelala chini ya bati langu.

"Rudi Alhamisi," yule msichana akaniambia, akanirudishia kofia yangu.

Jumanne sikuenda deponi. Niliwaambia mashofere nina homa. Nikakaa dirishani na kikombe, mke wangu akipita nyuma yangu bila kuuliza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi binti akatoka na bilauri ya chai kumpelekea sentineli wetu, yule mzee anayelinda geti. Alikuwa anapeleka kila siku, nilijua, kama ninavyojua kwamba kuna bomba uani.

Lakini sikuwa nimeangalia. Alipofika hakumpa chai moja kwa moja. Alizunguka mpaka mbele yake, akangoja mzee ainue uso, akaweka bilauri chini. Kisha akaanza kusema. Mtoto ambaye hakuwa ametoa sauti siku nne alikuwa anasema, midomo inafunguka pole pole, neno kwa neno, bila sauti kabisa. Na mzee alikuwa anamwangalia mdomoni na kujibu. Nilisikia majibu yake: "Ndiyo, nililala. Mugongo iko muzuri leo. Na weye?" Binti akasema kitu kingine kwa midomo, mzee akacheka.

Nikashuka. Binti alipoingia ndani, nilikwenda nyuma ya mzee, nikamwita. Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu, ile sauti yangu ya mipira. Akageuka nusu, upande mwingine. Miaka sita mtu huyu analinda geti langu, miaka sita namfokea kwamba ni mkaidi, anachelewa kufungua. Mzee alikuwa hasikii. Alikuwa ameficha ili asipoteze kazi, na mtu mmoja tu katika nyumba alikuwa ameona.

Nilizunguka mbele yake, kama nilivyomwona binti akifanya, nikasema pole pole: "Mzee, kazi yako iko. Usiogope." Akaniangalia mdomoni muda mrefu, akaniomba nirudie.

Jumatano niliangalia tena, nihakikishe. Ilikuwa vile vile.

Alhamisi nyuma ya pazia nilisema yote: siku, saa, bilauri, midomo, mugongo wa mzee. Sikuharakisha. Mwisho nikasema, "Miaka sita mi sikujua." Yule msichana wa miwani akainua kidole, akasita, akamwita mwalimu.

"Madame, hapa kwa mwisho amejisema."

Mwalimu akasikiliza yote, amesimama, mkono umeshika pazia. "Wacha ibakie," akasema. "Hiyo haiko kujisifu."

Lakini kulikuwa bado na karatasi ya Sirudi. Sauti nzuri itachezwa, na mwenye kusemwa yuko Golf chumbani. Nilimwuliza mwalimu tufanye nini. Akasema watafanya kazi ya kila siku tu.

Mchana simu ya mke wangu ikalia. Ilikuwa odio kutoka darasani, kwa binti peke yake, haikupita kwenye kikundi. Walikuwa wamechukua sauti za kuitwa majina. Mwalimu anaita, mtoto anajibu, anaita, anajibu, haraka kama mtu anayeshusha magunia. Wakafika kwenye jina lake. Hakuna aliyejibu. Na mwalimu hakuendelea. Walingoja, wote hamsini na mmoja, unasikia tu jogoo wa jirani na mtu mmoja akikohoa. Walingoja kiasi ambacho kingetosha mtoto kusimama, kutengeneza sketi, na kusema. Kisha mwalimu akaita jina linalofuata.

Binti aliicheza ameketi kwenye ngazi. Akairudisha, akaicheza tena pale pale penye ukimya. Mara nne. Mke wangu alinishika mkono wa shati, nadhani alijua nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ijumaa asubuhi alishuka amevaa sare. Njia nzima hakusema. Nilimshusha kati ya akina mama wauza mikate, na sikuondoka. Nilizima injini nikakaa, mimi mwenye malori manne, kuanzia asubuhi mpaka saa sita mchana, nikinunua mikate ambayo sikuila. Shofere mmoja alinipigia kutoka mpakani, nikamwambia anisubiri.

Karibu na saa sita kikundi cha wazazi kikaita. Nikasikia kwanza watoto. "Jumatatu ya wiki yenye ilipita alinionyeshaka hesabu ya kugawa, sikuelewa, akanionyesha tena, hakucheka." Mwingine: "Nikiwa nasoma nakwama, yeye haangalie kwangu, anaangalia kitabu, ili nisisikie haya." Walikuwa kumi na moja. Siku hizo walikuwa nazo tangu mwanzo, wamezibeba, na mimi niliwajaza biskuti. Kisha ikaja sauti ya mwanaume, nzito, ya polepole. Sikuitambua mara moja. Ilikuwa yangu.

Kengele ikalia. Binti akaja anatembea na yule wa miwani, wakaagana. Akafungua mlango wa mbele, hakukaa.

"Papa."

"Mama."

"Odio yako ni murefu."

Nilishika usukani. Nilikuwa nimeingojea sauti ile siku saba, na ilikuwa imerudi na amri zake zote.

"Dakika moja iko bure," akasema. "Ya zaidi, kila dakika franka mia tano, ya kununua mega ya intaneti ya klasi. Yako ni dakika tatu na sekunde makumi mbili."

"Basi toa moja ya bure, zinabakia mbili. Franka elfu moja."

"Apana. Dakika ikianza, inahesabika nzima. Ni ine. Toa moja, tatu."

"Sekunde makumi mbili tu, mama. Hata ku mupaka banasamehe."

"Hata Madame analipaka. Unasema sana, Papa, si kosa ya batoto."

Muuza mikate aliyekuwa karibu na dirisha akacheka, akamwambia asinipunguzie. Nilibishana kwa makusudi, nikamfanya anieleze sheria mara mbili, ili tu aendelee. Alieleza kwa sauti kamili, mkono kiunoni, watu wakigeuka. Nikatoa noti ya dola mia moja. Akaikataa, akasema hawana chenji na mwalimu ataituma irudi. Ikabidi nitafute chini ya kiti, na kwenye kisanduku cha mbele, katikati ya karatasi za forodha, nikapata noti chafu moja moja. Akazinyoosha kwenye paja, akazihesabu, akarudi darasani akikimbia.

Watu huniuliza kurudisha sauti ya mtoto wangu kulinigharimu kiasi gani, wanafikiri nitataja maelfu ya dola na daktari wa Afrika Kusini. Ukiacha biskuti, ambazo zilitoka depo yangu mwenyewe, ilikuwa franka elfu moja na mia tano.